Usiri wa taarifa za mgonjwa katika Afrika ya Mashariki

Usiri wa taarifa za mgonjwa ni wajibu wa daktari, muuguzi, mfamasia, mtaalamu wa maabara na yeyote anayeshika faili la mgonjwa kutotoa nje alichokiona au kuambiwa kazini, isipokuwa mgonjwa ameridhia au sheria imeagiza. Wajibu huu umo katika kiapo cha Hippocrates na katika Azimio la Geneva la 1948 la Chama cha Madaktari Duniani. Katika Afrika ya Mashariki mvutano kati ya wajibu huo na madai ya serikali, wanahabari na watafiti ya kupewa takwimu umejitokeza zaidi kwenye VVU, na kesi yake kubwa ni ya Kenya.

Jina na idadi

Takwimu za afya huanzia kituoni. Tanzania Bara mhudumu wa zahanati hujaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, hujumlisha rejesta mwisho wa mwezi, kisha jumla hizo hupelekwa wilayani na kuingizwa katika DHIS2, programu iliyotengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Majina hubaki kwenye rejesta, na rejesta hubaki kabatini. Huo ndio utaratibu ulioandikwa. Mgonjwa anayepanga foleni mbele ya mlango wa kliniki ya VVU ameshaonekana na mtaa mzima kabla kabati halijafunguliwa.

Kufuta jina hakutoshi. Ripoti ikionyesha kwamba kijiji fulani kina mjamzito 1 mwenye VVU, majirani hawatahitaji kuambiwa ni nani. Ndiyo maana watakwimu makini huficha idadi ndogo mno au huziunganisha na za maeneo ya jirani. Tafiti za DHS kuhusu idadi ya watu na afya, ambazo zimefanywa pia Kenya, Tanzania na Uganda, huenda mbali zaidi: kabla ya data kutolewa kwa watafiti, alama ya ramani ya kila eneo lililofikiwa husogezwa kwa makusudi, hadi kilomita 2 mijini na hadi kilomita 5 vijijini, na maeneo machache ya vijijini husogezwa hadi kilomita 10. Mtafiti hubaki na picha ya mkoa, ila hawezi kufuata alama hiyo hadi mlangoni kwa mtu.

Kesi ya orodha ya watoto, Kenya 2015–2016

Tarehe 23 Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye taarifa za watoto wote wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na za walezi wao, za wajawazito na za akina mama wanaonyonyesha wenye maambukizi. Jedwali la kujaza liliandaliwa, nalo liliweka jina na hali ya VVU pamoja. Kamishna wa kaunti ni mtu wa utawala, si mganga. Jambo hilo peke yake lilitosha kuwatia hofu wazazi.

Shirika la utetezi wa haki za afya la KELIN, taasisi ya Children of God Relief Institute inayoendesha makao ya watoto ya Nyumbani, na walalamikaji wengine walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kwa ombi namba 250 la 2015. Serikali ilijitetea kwamba ilitaka kupanga huduma. Hoja hiyo haikuwa ya uongo: dawa za watoto haziagizwi kwa kubahatisha. Lakini kupanga dawa kunahitaji idadi, umri na kituo. Jina la mtoto likipelekwa kwa kamishna halimwongezei hata kidonge kimoja.

Desemba 2016 mahakama iliamua kwamba agizo lilikiuka Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, inayolinda faragha, na Ibara ya 53(2), inayotanguliza maslahi ya mtoto. Serikali ilipewa siku 45 kubadili majina yaliyokwisha kukusanywa kuwa alama za siri, ili jina lisihusishwe tena na hali ya VVU katika hati ya umma.

Mwaka huohuo wa agizo, Machi 2015, Mahakama Kuu ilikuwa imebatilisha kifungu cha 24 cha Sheria ya UKIMWI ya 2006, ambacho pamoja na mengine kilimruhusu daktari kumfichulia mwenzi hali ya mgonjwa. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyounda baraza maalumu la kusikiliza mashauri ya VVU na UKIMWI, yakiwemo ya waliofichuliwa bila ridhaa yao.

Magonjwa ya mlipuko

Kwa kipindupindu, Ebola na mengine ya aina hiyo daktari hana hiari. Sheria humtaka atoe taarifa kwa mamlaka za afya. Taarifa hiyo ni ya mamlaka, si ya magazeti. Wakati wa UVIKO-19 Kenya ilitangaza idadi kila siku kuanzia Machi 2020. Watu wa kwanza kupona walipojitokeza kwenye televisheni walikejeliwa vikali mitandaoni, ingawa walikuwa wameridhia kuonekana.

Tanzania ilielekea upande mwingine. Desemba 2016 mkurugenzi mkuu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, Dk. Mwele Malecela, aliondolewa kazini mara baada ya kueleza matokeo ya utafiti kuhusu Zika. Septemba 2019 Shirika la Afya Duniani lililalamika hadharani kwamba halikupewa maelezo ya kutosha kuhusu watu walioshukiwa kuwa na Ebola. Serikali ilisema hakuna Ebola nchini. Mwaka 2020 hesabu za UVIKO-19 zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikarejea baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuingia madarakani. Huu haukuwa usiri wa mgonjwa, maana hakuna mgonjwa anayelindwa kwa kufichwa jumla ya taifa.

Afya ya viongozi

Hakuna desturi iliyokomaa ya kueleza umma afya ya viongozi. Rais John Magufuli wa Tanzania hakuonekana hadharani kwa zaidi ya wiki mbili kabla kifo chake hakijatangazwa tarehe 17 Machi 2021.

Sheria

Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019. Ya Tanzania ni ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tanzania ina pia sheria yake ya UKIMWI ya 2008. Oktoba 2023 Kenya iliongeza Sheria ya Afya ya Kidijitali.