Mwenyeji na Mgeni Katika Kanisa la Bukoba na Karagwe

Mkristo aabuduye leo Kimuli, wilayani Kyerwa, huenda akadhani kuwa Wazungu ndio walioanza yote. Sivyo. Wamisionari wa Bethel walipotoka Ujerumani na kufika Bukoba mwaka 1910, waliwakuta Wahaya waliokwisha kujifunza dini Buganda, wakiongozwa na Andereya Kajerero. Kundi lilikuwapo kabla ya mchungaji wa kigeni.

Vita vya 1914–18 na vya 1939–45 viliwaondoa Wajerumani mara mbili. Kundi halikutawanyika, kwa kuwa walinzi wake walikuwa wazalia. Waswidi walikuja kusaidia, miongoni mwao Bengt Sundkler, aliyefika mwaka 1942. Yeye aliwekwa askofu mwaka 1961, na mwaka 1964 kiti kikashikwa na Josiah Kibira, mwana wa nchi. Mwaka 1979 Karagwe ikapata dayosisi yake.

Wahenga walinena, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Hapa mgeni naye alipona kwa mwenyeji. Basi kanisa litakalo kumsaidia mmisionari halina budi kujiuliza kwanza: akiondoka kesho, kazi itabaki mikononi mwa nani?