Taa pana za LED zarahisisha upigaji filamu, rangi ya ngozi bado mtihani

TENGERU, ARUSHA

MWAKA 1962 watazamaji duniani waliiona nchi ya Mlima Meru katika filamu ya “Hatari!”, iliyoongozwa na Mmarekani Howard Hawks na kuchezwa na John Wayne. Mbio za kukamata wanyama zilipigwa Tanganyika, Momella ikiwa miongoni mwa maeneo hayo, lakini matukio ya ndani ya nyumba yalipigwa studio, Hollywood.

Hivi sasa mtayarishaji anayetaka kupiga filamu katika sebule ya nyumba ya Tengeru hahitaji kuhamia studio. Taa za paneli za LED zimemwondolea sehemu kubwa ya mzigo huo.

Taa moja ya halojeni ya wati 2,000 hutumia sehemu kubwa ya uwezo wa plagi ya ampea 13, ambayo kwa umeme wa volti 230 hubeba takriban wati 3,000. Paneli ya LED hutoa mwanga unaokaribiana na huo kwa robo ya umeme au chini yake. Aidha, haichomi chumba kwa joto, na nyingi huendeshwa kwa betri umeme unapokatika.

Mwanga mweupe wa LED ulipatikana baada ya ugunduzi wa LED ya buluu, uliowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Faida kuu ya paneli kubwa ni ulaini wa kivuli. Paneli yenye upana wa sentimita 60, ikiwekwa mita moja kutoka kwa mwigizaji, huzunguka uso wake taratibu. Ikisogezwa mbali huonekana ndogo, na kivuli huwa kikali. Mwanga nao hupungua haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, hubaki takriban robo.

Hata hivyo, si kila paneli inafaa. Zile duni huwa na upungufu wa mwanga mwekundu, hivyo ngozi nyeusi huonekana ya kijivu au ya kijani. Tatizo la vipimo visivyomzingatia Mwafrika si geni. Kwa miaka mingi kadi za Kodak za kupimia rangi zilitumia picha za wanawake weupe.

Kipimo cha uhalisia wa rangi, CRI, kinapaswa kuwa 95 au zaidi. Kabla ya kununua, ni vyema kupiga picha ya uso wa mtu pamoja na kanga nyekundu chini ya taa hiyo, kisha kulinganisha na picha ya kivulini mchana.

Kosa jingine ni kumwelekezea mwigizaji mweusi mwanga mwingi kutoka mbele. Shati jeupe huungua huku uso ukibaki bapa. Paneli ikiwekwa ubavuni, karibu, mng’ao wake juu ya ngozi huchora shavu na paji la uso.

Mchana dirishani taa huwekwa kelvini 5,600. Usiku penye balbu za manjano, 3,200. Taa ikimemeteka kwenye kamera, kasi ya 1/50 au 1/100 ya sekunde huendana na umeme wa hezi 50 unaotumika nchini.

Anayenunua kwa kutazama wati pekee hupata chumba chenye mwanga mwingi, na nyuso zisizo na uhai.