Utoro Usiokuwa Utoro

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijiji mkoani Lindi. Daftari la mahudhurio lilinionyesha kwamba wasichana wa darasa la sita na la saba walikosa siku tatu au nne kila mwezi. Niliuita utoro, nikawachapa.

Siku moja aliingia ofisini bibi mmoja, kungwi aliyeheshimika kijijini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa. "Mwalimu," akasema, "mjukuu wangu umemchapa kwa sababu ya siku zake. Hana kitambaa. Ulitaka akae na wavulana darasani hivyo hivyo?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mke na mabinti, lakini jambo hilo sikuwahi kulifikiria.

Zamani msichana akivunja ungo alikabidhiwa kwa kungwi, akafundishwa kufunga sodo, kuifua na kuianika. Sodo yenyewe ilichanwa kutoka kanga kuukuu. Lakini baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79, nguo na sabuni viliadimika. Tulipanga foleni kutwa nzima kwenye duka la kijiji kungojea kanga. Ile kuukuu ambayo ingechanwa sodo, mama alikuwa bado anaivaa.

Nasi walimu tulikuwa na shughuli nyingine. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Ilikuwa kazi ya heshima, na madarasa yalijaa. Lakini tulihesabu watoto na madawati, hatukuhesabu maji wala vyoo. Choo cha wasichana shuleni kwangu hakikuwa hata na mlango. Kungwi alikuwa na somo lake kwa mwali. Sisi hatukuwa nalo.

Viboko vile nilivikomesha. Mwalimu wa kike alikabidhiwa ufunguo wa stoo, ndoo ya maji, na vitambaa tulivyochangishana. Kilikuwa kitu kidogo, lakini wasichana walianza kubaki shuleni.

Siku hizi taulo za kike zimejaa madukani. Kinachokosekana ni fedha. Mwaka 2018 Serikali yetu iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka 2019 ikairudisha, ikieleza kwamba bei kwa mnunuzi haikushuka. Jirani zetu wa Kenya waliondoa kodi hiyo mwaka 2004, kisha mwaka 2017 wakatunga sheria ya kuwapa bure wasichana wa shule za umma. Naona mantiki yake: nafuu ya kodi yaweza kuishia kwa mwenye duka, bali taulo iliyomo kabatini mwa mwalimu humfikia mtoto.

Nikialikwa shuleni, huomba kwanza kuona choo cha wasichana. Wale niliowachapa sasa huenda wana wajukuu. Sikupata kuwaomba radhi wote. Kama mmoja wao anasoma ukurasa huu, namwomba leo.