Moshi ya Kale, Mji wa Mlimani

Msafiri akitaja Moshi siku hizi, aufikiriaye ni mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro, penye stesheni ya reli, katika kimo cha mita 800 na zaidi kidogo. Walakini Moshi ya asili iko juu yake, mlimani kwenye migomba, na wenyeji huiita Old Moshi. Twapenda kueleza habari zake kwa ufupi, kwa kuwa katika madarasa mengi mji wa chini husomwa kana kwamba ndio wa kwanza.

Tuanze na jina. Wako wasemao ya kwamba mji uliitwa hivyo kwa ajili ya moshi wa garimoshi. Neno hili haliwezi kuwa kweli. Reli itokayo Tanga ilifika mwaka 1911, lakini Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, alifika kwa Mangi wa Moshi mwaka 1871, miaka 40 mbele yake, na nchi ilikwisha kuwa na jina hilo. Wala si moshi wa mlima, maana moto wa Kibo ulilala zamani sana, kabla ya kumbukumbu zote za Wachagga. Basi maana yake yafaa kutafutwa katika Kichagga, wala si katika Kiswahili kwa sababu ya kufanana kwa sauti tu.

Nchi yenyewe iko kati ya msitu ulio juu na nyika iliyo chini. Udongo wake ni wa volkano, na masika hunyesha sana upande wa kusini toka Machi hata Mei. Hapo ndipo penye vihamba. Kihamba si shamba tu: ni makao, ni migomba na kahawa na miti ya kivuli, ni urithi wa baba kwa mwana, na ndipo wazee walipozikwa. Shamba ni lile la nyikani, lilimwalo kwa msimu. Mwalimu akifasiri kihamba kwa neno shamba, ameacha nusu ya maana.

Vivyo hivyo mfongo. Twaweza kusema ni mfereji wa maji, nasi tutaeleweka. Lakini mfongo una ukoo uliouchimba, una wazee wenye kuuangalia, una zamu za kumwagilia, na una siku ya kazi ya watu wote. Asiyekuja kuzibua hutozwa faini au hunyimwa maji. Mifongo hutoka mabondeni juu, hufuata ubavu wa kilima, hata ikafika migombani bila chombo cha kupimia ila macho ya wachimbaji.

Katika nchi hii alitawala Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Umangi wake haukuwa mkubwa, lakini alijua kujipatia marafiki wa mbali ili kumkabili Sina wa Kibosho. Mwaka 1885 alifanya mapatano na Wadachi, na mwaka ule ule aliwapokea wamisionari wa Kiingereza wa C.M.S. Alikufa mwaka 1891, akamrithi mwanawe Meli. Mwaka 1892 watu wa Meli walilishinda jeshi la Wadachi, na von Bülow, mkuu wake, akauawa. Wamisionari wale wakahamia Taveta. Mwaka 1893 von Schele alikuja na jeshi kubwa zaidi, naye Meli akashindwa. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo chao Kidia mwaka 1896.

Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa hapo Moshi, pamoja na Molelia wa Kibosho, Ngalami wa Siha na wengine, jumla watu 19, kwa shtaka la kula njama. Husimuliwa ya kwamba kichwa chake kilipelekwa Ulaya. Uchunguzi wa mafuvu uliotangazwa Berlin mwaka 2023 uliwapata jamaa wa baadhi ya Wachagga, lakini haukukitambua kichwa cha Meli. Sisi watu wa Kanisa tusilipite jambo hili upesi. Nyumba ya ibada na boma la askari vilisimama juu ya mlima mmoja, na si ajabu ikiwa wengine waliviona kuwa kitu kimoja.

Reli ilipofika, biashara ilishuka nyikani, na serikali ikaifuata. Mji mpya ukachukua jina, na ule wa kale ukabaki na vihamba vyake.

Bruno Gutmann, aliyekaa miaka mingi Moshi ya Kale, alikusanya sheria za Wachagga katika kitabu kilichotolewa mwaka 1926. Kazi ile ni kubwa, lakini imeandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo wengi wa wenye sheria hizo hawaisomi. Siku hizi mifongo mingine imekauka, na mfongo ukikauka, jina lake na jina la aliyeuchimba hupotea pamoja nao. Kwa hiyo twawaomba walimu walio mlimani wawatume wanafunzi kwa babu zao, waulize kila mfongo uliitwaje, ulichimbwa na ukoo gani, na maji yaligawanywa vipi. Kisha majibu yaandikwe kwa Kichagga na kwa Kiswahili, yakahifadhiwe shuleni.