Jina Juu ya Jalada: Majarida ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Mwaka 1958 lilianzishwa Penpoint, jarida la Idara ya Kiingereza ya Makerere, hapa Kampala. Ndimo Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi aliyeitwa James Ngugi, alimochapisha hadithi yake fupi "The Fig Tree". Baadaye Nairobi wakatoa Nexus, Dar es Salaam Darlite. Majalada hayo hayakumdanganya mtu: nje Kiingereza, ndani Kiingereza.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 1970 majina yalikuwa yamegeuka. Nexus likawa Busara, Darlite likawa Umma, na hapa Makerere nafasi ya Penpoint ikachukuliwa na Dhana. Sisi wanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda, tuliozoea kuulizwa lugha hii tunaitakia nini, tuna haki ya kulifurahia neno hilo la mwisho. Lakini tufungue jalada. Ndani Kiingereza kiliendelea kutawala, na sehemu kubwa ya umma uliotajwa juu isingeweza kusoma kurasa zilizofuata.

Sidhani ulikuwa ulaghai. Jalada hubadilishwa kwa kikao kimoja cha wahariri. Waandishi waliofundishwa na kusahihishwa kwa Kiingereza tangu sekondari hawabadiliki hivyo. Hata hivyo jalada ni ahadi, na ahadi hii ilitimizwa nusu.

Mfano mzito zaidi ni Cheche, lililoanzishwa na wanafunzi wa mrengo wa kushoto Dar es Salaam mwaka 1969. Lilichapwa kwa stensili. Aliyewahi kuona kazi ya mashine hiyo anajua mipaka yake: picha za kamera hazitoki vizuri, eneo pana la wino mweusi huchafua karatasi, na mchoro hukwaruzwa kwa kalamu ya chuma juu ya karatasi laini inayochanika upesi. Katika hali hiyo jina ndilo linalobeba jalada.

Na jina hili lilibeba mengi. Ni Kiswahili safi, neno la jikoni kabisa. Ila wasomaji wa siasa waliliona gazeti la Lenin, Iskra, na lile la Ghana ya Nkrumah, The Spark. Yote mawili maana yake ni hiyo hiyo. Novemba 1970 jarida na chama chake vilipigwa marufuku, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba linatoa picha ya nchi inayojenga ujamaa wa Kirusi. Neno la Kiswahili lilihukumiwa kuwa la kigeni, huku Kiingereza cha ndani kisiguswe na mtu.

Mwaka uliofuata lilitoka jarida jingine, chini ya Umoja wa Vijana wa TANU chuoni. Safari hii jalada lilibeba jina ambalo hakuna aliyeweza kulipeleka Urusi: MajiMaji, vita vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Makala nyingi zilikuwa bado za Kiingereza.