Walikufa Wamesimama

Jioni ya tarehe 3 Desemba 1979, katika jiji la Cincinnati, Marekani, maelfu ya vijana walijazana nje ya ukumbi wa Riverfront Coliseum. Baridi kali. Walikuja kuisikiliza The Who, bendi ya roki kutoka Uingereza. Tiketi nyingi hazikuwa na namba ya kiti: atakayewahi ndiye atakayekaa mbele. Hebu fikiria mwenyewe, ungekubali kubaki nyuma?

Mara wakasikia muziki ndani. Wakadhani shoo imeanza. Milango iliyofunguliwa ilikuwa michache mno. Wa nyuma wakasukuma, wa mbele hawana pa kwenda. Vijana 11 wakafa, mdogo kabisa akiwa na umri wa miaka 15. Bendi ikapiga mpaka mwisho bila kuambiwa chochote.

Baadaye ikaandikwa kwamba watu walikanyagana. Hapo ndipo mimi nina ugomvi. Wengi wao walikosa hewa, bwana! Kifua kikibanwa pande zote hakipanuki, hata kama mdomo uko wazi. Mtu anakufa wima, hana hata nafasi ya kuanguka. Na yule anayesukuma huko nyuma wala hajui kama anaua.

Mwezi uleule jiji lilipiga marufuku tiketi zisizo na viti maalumu, marufuku iliyodumu hadi 2004. Lakini somo halikusafiri. Juni 30, 2000, vijana 9 walikufa Roskilde, Denmark, mbele ya jukwaa la Pearl Jam. Novemba 2021 wakafa 10 Houston, kwenye tamasha la Astroworld. Na tusiseme hayo ni ya Wazungu: sikukuu ya Idd el Fitr mwaka 2008, hapa kwetu Tabora, watoto wasiopungua 19 walikufa katika ukumbi wa disko uliofurika.

Kwa hiyo, mshikaji, ukiingia ukumbini tafuta kwanza mlango wa kutokea, tena zaidi ya ule ulioingilia. Mabega yako yakianza kugusana na ya watu kila upande, ondoka mapema, usingoje wimbo uupendao. Ukishabanwa, weka mikono mbele ya kifua kama bondia, ujiachie nafasi ya kupumua. Usishindane na wimbi. Likitulia, sogea kidogo kidogo kuelekea pembeni. Epuka ukuta na uzio. Kiatu kikivuka, kiache. Mtu akianguka, mnyanyueni haraka. Na ukiwa nyuma, usisukume.

Lakini ujanja wa mtu mmoja hautoshi. Aliyeuza tiketi kupita kiasi, aliyefunga mlango, asiyesimamisha muziki watu wanapolia: hao ndio wa kuulizwa. Neno "kukanyagana" linawaficha hao. Linamfanya marehemu aonekane mhuni aliyejiua kwa fujo zake, nao wanakwenda nyumbani kulala.

Sisi tunaojifunza kuandika, hilo ni letu. Siku ukitumwa kuandika habari kama hiyo, usianze na fujo. Uliza kwanza: milango ilikuwa mingapi, na mingapi ilikuwa wazi?