Thamani ya Gazeti Dogo

Gazeti dogo ni lile ambalo mtu mmoja, au watu wachache waliopatana, hulitunga, hulichora, hulichapa na kuligawa kwa nguvu zao wenyewe. Aghalabu karatasi yake ni hafifu, wino wake hufifia upesi, na kurasa zake hushikwa kwa pini mbili. Walakini limependwa na watu ambao hawakukosa magazeti makubwa ya kusoma. Sababu ya mapenzi hayo yafaa kuchunguzwa, maana ndani yake mna sehemu ya historia ya Tanzania isiyopatikana kwingine.

Uchunguzi huo waweza kuanzia Tunduma, mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde ya Zambia. Mpaka wenyewe ulipangwa Ulaya mwaka 1890, kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani, nao uliwagawa Wanyamwanga pande mbili bila ya kuwauliza. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapo ni safari ya zaidi ya kilomita 900, kwa barabara au kwa reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Kwa muda mrefu mitambo mikubwa ya chapa ilikaa mwisho mmoja wa safari hiyo, na msomaji wa Tunduma alikaa mwisho wa pili. Gazeti lilimfikia likiwa limekwisha chakaa, na neno lake yeye halikuwa na njia nyepesi ya kurudi. Kwa msomaji wa namna hii, popote alipokuwa nchini, gazeti dogo lilikuwa ushahidi kwamba mtu asiye na mtambo aweza naye kusema akasikika.

Ushahidi huo ulianza kuonekana zamani za utawala wa Kiingereza. Mwaka 1923 serikali ilianzisha Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la lugha safi, lililopokea mashairi kutoka kila upande wa nchi. Lakini mlango wake ulikuwa na bawabu, na bawabu alikuwa serikali. Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alitoa gazeti lake mwenyewe akaliita Kwetu. Jina hilo peke yake lilikuwa hoja. Gazeti la serikali lilimwambia Mwafrika mambo ya leo. La Fiah lilimwambia kwamba mambo hayo ni yake. Kwetu lilisumbuliwa na uhaba wa fedha, likawa mara linatoka na mara linachelewa, hata likakoma mwaka 1951. Lakini wasomaji walikuwa wamekwisha kuona kwamba gazeti laweza kutoka katika mikono ya mtu kama wao.

Mfano wa pili ulikuwa na hatari kubwa zaidi. Chama cha TANU, kilichozaliwa mwaka 1954, hakikuwa na mali ya kununua mtambo. Kwa hiyo mwaka 1957 kilianza kutoa Sauti ya TANU, waraka uliotungwa na Julius Nyerere mwenyewe. Maneno yalipigwa taipu juu ya karatasi ya nta, karatasi ikafungwa katika mashine ya kurudufu, na nakala zikatoka moja baada ya moja. Mwaka 1958 toleo moja liliwalaumu makamishna wawili wa wilaya. Nyerere alishitakiwa kwa kashfa, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Na faini ikalipwa. Hapa pana jambo la kuzingatia. Serikali yenye askari, mahakama na mitambo iliona haja ya kupambana na karatasi za kurudufiwa. Msomaji naye aliona kwamba aliyeandika hakujificha, na neno linalosemwa na mtu aliye tayari kulilipia huwa na uzito ambao chapa nzuri haiwezi kuuleta.

Hali hii haikuwa ya Afrika peke yake. Katika Urusi ya Kisovieti vitabu vilivyokatazwa vilipigwa taipu kwa karatasi za kaboni, vikapita mkono kwa mkono, kila msomaji akiwa mlinzi wa mwenzake.

Uhuru wa nchi haukuondoa haja ya gazeti dogo. Tangu mwaka 1967 Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na watu wakajifunza kujicheka kwa picha. Lakini lile lilikuwa gazeti la chama, na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 iliipa serikali uwezo wa kulifungia gazeti lolote. Ndipo Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walipounganisha silabi za kwanza za majina yao wakapata jina Sani, na katika miaka ya 1980 jarida hilo la katuni likapata wapenzi wengi. Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, aliwachora humo Ndumilakuwili na Lodi Lofa: mmoja mwenye nyuso mbili, wa pili fukara mwenye majivuno ya tajiri. Msomaji aliyetoka kupanga foleni ya sukari aliwatambua mara moja, kwa kuwa alikuwa amewaacha katika foleni ile ile. Nakala moja ilisomwa na wengi, na asiyejua kusoma vema alizitazama picha akacheka pamoja na wenziwe.

Si kila gazeti dogo ni jema. Yako yaliyoeneza uvumi na matusi, na udogo haukuwa kinga ya uongo. Lakini hata hayo yanaonyesha watu walicheka nini na waliogopa nini, na mwanahistoria hana haki ya kuyadharau.

Msiba wa magazeti haya ni kwamba hayana mtunzaji. Makubwa yamewekwa katika maktaba. Madogo yamefungiwa karanga sokoni. Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, ungali mchanga, na kwa sababu hiyo una nafasi ambayo mikoa mingi mikongwe imeipoteza. Shule nyingi za Tanzania zimekuwa na gazeti la ukutani, lenye habari, mashairi na picha za wanafunzi, ambalo hubanduliwa na kutupwa muhula uishapo. Mwalimu wa Vwawa au Tunduma atakayelibandua taratibu, akaliandika tarehe na kulitia sandukuni, atakuwa amewawekea watu wa mkoa huo kitabu ambacho hakuna mtambo wa Dar es Salaam utakaokichapa.